Jinsi ya kuanza sala ya familia nyumbani (na isiishie kwa amina tu)

Kila tukimaliza jumuiya, ile sala ya majirani Wakatoliki, lazima kuna mtu ananivuta pembeni aniulize kuhusu sala ya familia, na maswali ni yale yale. Tuanzie wapi? Nani aongoze? Mume wangu hataki kusikia, nifanyeje? Watoto wanasinzia. Mimi sijui kuomba maneno mengi kama yule pasta wa redioni. Sasa nimeona niandike yote mahali pamoja, mtu akiniuliza tena namtumia hii tu.

Mimi ni Mkatoliki na naishi Malindi, lakini humu ndani hamna kitu ambacho Mwanglikana au Mpentekoste atashindwa kufanya. Teolojia sitaki kuingia, hiyo kamuulize katekista au pasta wako, hapa nataka tuongee vile mambo yanafanyika kwenye nyumba ya kawaida, yenye watoto, deni la duka na sufuria bado chafu.

Jambo moja tu ulijue kabla hatujaanza. Mtoto wako hatakumbuka mlisoma sura ya ngapi, yeye anaangalia vile ulivyomjibu mamake dakika tano baada ya amina. Ndo maana sala, huduma na vile mnavyokaa nyumbani nimeviweka pamoja hapa.

Vitu utakavyohitaji

- Biblia moja. Ile ya Union Version ndo wengi tunayo lakini Kiswahili chake watoto saa zingine hawakielewi, ukipata Biblia Habari Njema ni nyepesi zaidi. Ya kwenye simu pia ni sawa bora uidownlodi ifanye kazi bila intaneti, na simu yenyewe uizime sauti.
- Daftari la kawaida la shule na kalamu. Usilidharau, tutalirudia huko chini.
- Dakika kumi. Sio saa nzima.
- Mkeka au viti vyovyote, na tochi au taa ya sola manake stima tunaijua.
- Mtu mmoja aliyekubali. Hata kama ni wewe na mtoto wa miaka sita basi mshakuwa wawili.

Huhitaji chupa ya mafuta ya upako, huhitaji spika, na huhitaji kutuma hela kwa M-Pesa ya mtu yeyote "kupanda mbegu" ndo maombi yako yafike. Mtu akikwambia hivo, funga simu.

Hatua

1. Tafuta saa yenu kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndo wengi wanaanguka. Unatoka kanisani Jumapili umejaa moto unatangaza "kuanzia leo tunasali kila siku saa tatu usiku", kufika Jumatano umebaki peke yako. Kaa kwanza wiki moja uangalie tu watu wa nyumba yako wanaingia na kutoka saa ngapi. Kama kuna mtu wa hoteli huko Watamu shifti yake inabadilika, kama kuna mtu wa boda jioni ndo pesa yake iko, sasa ukimlazimisha akae nyumbani saa moja usiku umemnyang'anya unga wa kesho.

Nyumba nyingi ninazozijua zinaweza kati ya magharibi na isha. Watoto washaoga, chakula kiko jikoni, giza limeingia na hakuna anayetoka kucheza. Wengine wanaweza alfajiri saa kumi na moja na nusu kabla ya watoto kuvaa yunifomu, hapo ni sala fupi sana ya kusimama.

Na hiyo saa itabadilika na msimu, usishangae. Mvuvi wakati wa kusi bahari imechafuka anakuwa nyumbani zaidi, kaskazi ikiingia humuoni. Watu wa hoteli ni kinyume chake, Desemba wageni wamejaa hawalali, ikifika Mei wako nyumbani wanaangalia ukuta. Kwa hiyo saa ya sala ipangeni upya kila msimu ukigeuka. Sio dhambi.

2. Ongea na mwenzako mkiwa wawili tu

Sio mbele ya watoto, sio mbele ya mama mkwe, na sio siku mmegombana. Mwambie tu ukweli, "baba fulani, nataka tuwe tunasali na watoto dakika kumi, utanisaidia?" Akisema atafikiria, mwache afikirie. Akikataa kabisa ruka mpaka kwenye shida na majibu, nimemuandikia sehemu yake.

3. Wiki ya kwanza fanya kidogo mpaka uone aibu

Mkae, simu zote ziwekwe mbali. Kila mtu aseme kitu kimoja cha kushukuru cha siku hiyo, kimoja tu. Alafu mseme Baba Yetu pamoja, polepole. Basi, inukeni mkale.

Hakuna kusoma, hakuna kuhubiri, hakuna nyimbo sita. Najua utaona kama mchezo wa watoto lakini wiki hii kazi yenu ni kuzoea kukaa chini pamoja, na kwa nyumba nyingi hilo peke yake ni geni. Kama unaogopa kwamba hujui kuomba maneno marefu, kasome Mathayo 6, Yesu mwenyewe anawaonya watu wa maneno mengi kabla ya kuwafundisha hiyo hiyo Baba Yetu.

4. Wiki ya pili ongeza kusoma

Anza na Marko. Ndo Injili fupi kuliko zote nne, sura 16 tu, na visa vyake vinakimbia, watoto hawachoki. Soma kisa kimoja kwa siku sio sura nzima. Mkimaliza nendeni Luka 15, kondoo aliyepotea na yule kijana aliyekula urithi, alafu Ruthu ambayo ni sura nne tu na ni habari ya mkwe na mama mkwe, hiyo huku kwetu ina mazungumzo ya usiku kucha. Zaburi 23 na 121 ziwekeni kwa siku mmechoka.

Usianze na Mwanzo ukidhani utaenda mpaka Ufunuo. Utakwama Mambo ya Walawi na daftari lako.

Baada ya kusoma uliza swali moja ambalo halina jibu la mtihani. "Kwenye hii hadithi nani umemuonea huruma?" Ukianza kuuliza "haya Yesu alikuwa na wanafunzi wangapi" hapo umefungua shule na watoto wametoka shule saa hizi, wamechoka.

5. Mpe kila mtu zamu

Jumatatu mama, Jumanne yule mkubwa, Jumatano baba, hivo hivo mpaka mdogo. Mtoto akiombea kuku wake aliyepotea mwacheni aombee kuku wake, msicheke. Nimeona baba mzito asiyefungua mdomo kanisani anaongoza nyumbani vizuri tu kwa sababu zamu yake imefika na mtoto wa darasa la pili anamkodolea macho.

Na dada wa kazi je? Kama mnakaa naye mkaribishe, akiwa Muislamu au hataki usimlazimishe, lakini mpe hizo dakika kumi apumzike. Hii ya nyinyi mnasoma habari za upendo sebuleni na binti wa watu yuko nje anaosha masufuria yenu gizani, hapana.

6. Sasa daftari

Gawanya ukurasa mara mbili kwa mstari. Kushoto andikeni mnayemuombea na shida yake, kulia andikeni nyinyi mtafanya nini. Kushoto "mama jirani, amejifungua", kulia "Alhamisi tumpelekee uji, mkubwa akamtekee maji". Kushoto "mjomba hana kazi", kulia "baba amuulizie kule site". Kukiwa na jina upande wa kushoto na kulia hamna kitu, jiulizeni kabla ya kusema amina. Saa zingine kweli hamna la kufanya, mtu yuko mbali au ni ugonjwa mkubwa, hapo andikeni "tumpigie simu". Yakobo kwenye barua yake sura ya pili anamsema vibaya yule anayemwambia mtu mwenye njaa nenda salama ukashibe alafu hampi kitu, na sidhani aliandikia watu wengine tofauti na sisi.

Mambo yakijibika wekeni tarehe. Mkifika mwisho wa mwaka mkifungua hilo daftari mtaongea sana.

7. Huduma moja kwa wiki, ndogo, ya karibu

Moja. Usianzishe shirika. Orodha iko Mathayo 25 kuanzia mstari wa 35, wenye njaa, wenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa, mfungwa, na Malindi hawa wote wako umbali wa kutembea kwa mguu.

Maji kwanza. Mfereji ukikauka mtaani siku kadhaa na wewe una tangi, mitungi miwili kwa jirani mwenye watoto ni huduma tosha. Mgonjwa hospitalini ambaye watu wake wako mbali, mpelekee chai ya maziwa na mahamri saa za kutembelea, kaa naye kidogo, usimhubirie, ukiona amechoka ondoka.

Alafu wazee, na hapa nitakaa kidogo. Huku kwetu kaunti ya Kilifi mzee akiota mvi tu maneno yanaanza, ati mchawi, na watu wameuawa kwa hilo, sio hadithi. Ukifuatilia mara nyingi kuna shamba hapo katikati. Sasa huwezi kuwa unasali kila jioni na watoto alafu ukaenda kwenye kikao cha ukoo ukanyamaza nyanya yenu akitajwa. Huduma ya familia yenu inaweza kuwa hii tu, kila Jumamosi watoto waende kwa nyanya anayekaa peke yake, wamfagilie, wamchotee maji, wale naye sima na samaki, watu wote mtaani wawaone wakiingia na kutoka. Mzee mwenye wajukuu wanaoonekana mlangoni ni vigumu kumzulia. Na ukisikia maneno mabaya yanapangwa, mwambie chifu au polisi mapema, usiweke kwenye daftari la maombi peke yake.

Majirani Waislamu wasisahaulike. Ramadhani wanatuletea sahani ya futari, kaimati, viazi vya nazi, na nyinyi mnajua sahani hairudi tupu. 2025 na 2026 Kwaresma na Ramadhani ziliingiliana, nyumba mbili ukuta mmoja zote zimefunga. Pelekeni chakula chenu saa yao ya kufuturu, kiwe halali na kisafi, na msipeleke na kijikaratasi cha kuwaita kanisani.

8. Upendo wa ndani, ule usioonekana

Hii haina saa. Ila nitakupa vitu vinne vya kuanza navyo, uvifanye mwezi huu.

Omba msamaha kwa mtoto wako ukimkosea, kwa sauti, umuite jina. Baba wengi wa pwani hii wataona kama wamevuliwa nguo, fanya tu.

Baba, osha vyombo usiku mmoja kwa wiki bila kupiga picha.

Pesa, ambianeni ukweli. Kama umechukua mkopo wa simu mwambie mwenzako kabla hajaona meseji.

Na mkigombana msilale bila neno. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe mkiwa na hasira, sasa jua la Malindi linazama saa kumi na mbili na kitu na wengi hata hatujafika nyumbani, kwa hiyo chukueni ni kabla ya taa kuzimwa. Sio lazima ugomvi uishe, "tutaongea kesho, chai yako iko kwenye thamosi" inatosha.

9. Kufunga

Nimeiweka mwisho makusudi, usianze nayo. Mtu mzima mwenye afya akitaka kufunga Ijumaa ya Kwaresma afunge, ale jioni, anywe maji, na kile alichokiokoa akipeleke kwa mwenye njaa. Watoto, waja wazito, wanaonyonyesha, wazee, mwenye sukari, mwenye vidonda vya tumbo, mtu anayemeza dawa, hao hawafungi chakula. Mtoto afunge katuni au peremende.

Sisi wa huku hatuna kisingizio cha kutojua. Shakahola iko hapo tu ndani ya kaunti yetu, 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi, watu walioambiwa wafunge mpaka wamuone Yesu. Kwa hiyo mhubiri yeyote akikuambia usile kabisa, uwatoe watoto shule, uache hospitali, uuze shamba uhamie porini, huyo usimuombee kwanza, toka na watoto alafu piga ripoti.

Makosa ninayoyaona sana

*Kumpiga mwenzako kwa sala.* "Ee Bwana mguse mtu fulani humu ndani anayerudi saa sita za usiku akinuka mnazi." Watoto wote wanamwangalia baba. Hiyo sio sala, ni kesi, na kesho hatakuja. Ukiwa na neno naye mwambie chumbani.

*Kelele.* Nyumba zetu za kupanga kuta hazifiki juu, jirani anasikia mpaka unavyogeuza chapati. Saa tano usiku unakemea mapepo na mtoto wa jirani ana mtihani asubuhi. Mungu anasikia hata ukinong'ona.

*Kuweka status.* Ukimpelekea mtu unga usimpige picha, aibu yake inazunguka mtaa mzima na wewe umepata laiki.

*Kuacha dawa.* Ombeni na mumeze. Presha, ARV, dawa za kifafa, usiache kwa sababu mtu amekuwekea mkono kichwani. Mtoto akiwa na homa kali ombeni mkiwa kwenye tuktuk ya kuelekea hospitali.

*Kuwaambia watu wavumilie kipigo.* Nimesikia hii imefunikwa na mistari mingi. Mtu anayempiga mkewe au watoto hatengenezwi kwa wao kusali naye jioni. Wawe salama kwanza. Namba ya bure ya ukatili wa kijinsia Kenya ni 1195, ya watoto ni 116.

Shida na majibu

*Mume (au mke) hataki kabisa.* Endelea na watoto, dakika kumi zile zile, na usimsumbue kwa maneno. Usimuwekee mistari kwenye mlango wa friji. Mpikie, mcheke naye, mwache apite sebuleni mkiwa mmekaa. Baadhi wanakaa baada ya muda, wengine hawakai milele, na bado ni mumeo.

*Mmoja Mkatoliki mwingine Mpentekoste.* Baba Yetu, Zaburi na Injili ni za wote, salini hizo pamoja. Rozari au kunena kwa lugha kila mtu afanye kwa wakati wake, na msifanye watoto waamuzi.

*Nimeolewa na Muislamu.* Watoto wasivutwe huku na huku mezani. Ongeeni nyinyi wawili kwanza kuhusu malezi, mkihitaji mtu wa tatu chagueni mzee mnayemheshimu nyote, sio pasta wako tu. Shukrani kabla ya kula mnaweza kwa pamoja, kila mtu kimoyomoyo.

*Watoto wanasinzia.* Umechelewa, rudisha saa nyuma, au umerefusha. Salini kabla ya kula, njaa haisinzii.

*Vijana wanaona ni ushamba.* Wape kazi ya kweli, kuongoza, kuchagua wimbo, kupeleka mitungi. Jumapili mchana watembeze mpaka kale kakanisa ka Wareno karibu na bahari, kale kenye paa la makuti. Mtakatifu Fransisko Xaveri alipita Malindi 1542 akielekea India, vijana wengi hawajui kwamba hii habari imefika hapa zamani hivo, kabla ya hoteli yoyote. Uliza kiingilio kabla, pale panasimamiwa na watu wa makumbusho. Salini Baba Yetu moja hapo nje alafu mkale bajia.

*Tumeacha wiki nyingi, tunaona aibu kuanza tena.* Rudini hatua ya 3 leo jioni. Usieleze kwa nini mliacha, usitafute mkosaji, mwite tu mwenye zamu.

*Mmoja wetu yuko Arabuni kikazi.* Mrekodie ujumbe wa sauti wa ile sala, watoto wamtaje jina, asikilize kwa earphone akiwa chumbani kwake, manake Saudia ibada ya Kikristo ya hadharani hairuhusiwi na hatutaki apate shida na mwajiri. Saudia na Qatar saa zao ni sawa na zetu, Dubai wako mbele saa moja, kwa hiyo kama mnasali saa moja na nusu, aliye Dubai kwake ni saa mbili na nusu, muulizeni kwanza kama ameshamaliza kazi za jikoni.